Kadi ya Arobaini

Nina sura inayokaa vizuri kwenye video. Nalisema mwenyewe kwa sababu katika miaka yote niliyofundisha chuoni hapa Bukoba hakuna mwingine aliyewahi kulisema, na mume wangu, nilipomwuliza, alijibu kwamba mwanga ulikuwa mzuri.

Mimi ni mkufunzi wa ualimu wa elimu ya awali. Maana yake ni kwamba ninawafundisha watu wazima namna ya kuwafundisha watoto wa miaka mitano, na kwa kuwa kila mtu amewahi kuwa na miaka mitano, kila mtu anadhani kazi yangu ni rahisi. Hilo huniudhi. Nina hasira za karibu, nakiri, na nyingi nimezichuma kwenye sherehe za harusi, nikiulizwa na mashemeji kama bado nafundisha kuimba na kupiga makofi.

Kwa hiyo mradi fulani ulipotuletea vishikwambi sita, projekta na stendi moja ya miguu mitatu, niliona heshima yetu imefika. Mpango ulikuwa mzuri na bado naupenda. Mwanachuo anafundisha, anarekodiwa, kisha yeye na wenzake wanaitazama video pamoja, wanaisimamisha, wanairudisha nyuma, wanajadili. Kazi ya kutunga fomu ya kutazamia nilipewa mimi. Kusema kweli niliinyakua.

Fomu ile ilikuwa na vipengele viwili nilivyovipenda kama wanangu. Cha kwanza, kila mtoto anayezungumza na mwalimu awekewe kistari kwenye karatasi, ili mwisho tuone ni watoto wangapi walisikika. Cha pili, mwalimu akishauliza swali anasubiri kwa muda gani? Hapo niliandika kwa herufi nzito kwamba mtazamaji ahesabu kimoyomoyo, moja hadi tano. Nililiimba hilo la moja hadi tano kila kipindi, mpaka wanachuo wakipishana nami varandani wakawa wanalinong'ona wakidhani sisikii. Nilisikia na nikafurahi.

Miongoni mwa wanachuo wangu alikuwamo mama mmoja aliyewazidi wenzake umri kwa miaka kama kumi. Alikuwa anarudia mazoezi ya kufundisha. Mara ya kwanza aliugua katikati, akafeli, na utaratibu wetu unaruhusu kurudia mara moja tu. Akifeli tena anafunga virago, na miaka yote aliyokwisha kuitoa inakwenda bure. Safari hii alipangiwa darasa la awali katika shule moja ya Kagoma, huko Muleba, na mimi ndiye niliyetumwa kwenda kumtathmini.

Nilimkuta amechuchumaa. Mwalimu mwenye watoto arobaini alikuwa amechuchumaa mbele ya mtoto mmoja aliyekuwa anatafuta neno, na anamsubiri. Wengine walikuwa sakafuni na vipande vya migomba na mawe, wanapanga, wanabishana, wanaitana. Alipomaliza na yule mtoto akahamia kwa mwingine, akamwuliza jambo kwa Kihaya, mtoto akajibu kwa Kihaya, ndipo wakalirudia pamoja kwa Kiswahili. Nilikaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakigusa kidevu, nikaandika: "Darasa kama soko. Mwalimu anatumia lugha ya nyumbani. Anapoteza muda kwa mtoto mmoja mmoja."

Baadaye nilimwambia hivyohivyo kwa mdomo. Akasema, "Madam, yule alikuwa bado anafikiri."

"Akafikirie nyumbani," nilimjibu.

Nilimpa alama ya chini, ya chini kiasi kwamba hata kama kwenye tathmini ya pili kati ya mbili angefundisha kama malaika, wastani usingemvusha. Kwa kuwa mimi ni mtu wa kuwasilisha mapema, kesho yake asubuhi fomu ilikuwa ofisini kwa mkuu wa chuo, imesainiwa. Yule mama hakujua. Alama kwetu hazisomwi mpaka mazoezi yaishe. Nilijua mimi, na nilikunywa chai yangu vizuri tu.

Kisha nikamwonea huruma, au nilichokiita huruma. Nikaamua kumwonyesha jinsi somo linavyofundishwa. Ningefundisha mimi darasa lake lilelile, yeye arekodi, na video iwe somo la mfano kwa chuo kizima. Nilipompigia simu kumweleza aliuliza ni siku gani, kisha akasema asante.

Nilijiandaa kuliko nilivyojiandaa kwa harusi yangu. Jumamosi mbili nilikaa mezani nyumbani Hamugembe nikichora kadi za vitu vya kwetu: jembe, kikapu, kuku, sufuria, mbuzi. Kadi arobaini kwa watoto arobaini, zote nikazipaka rangi. Iliyonitoka vizuri kuliko zote ilikuwa ya mkungu wa ndizi, kijani yake ilikolea mpaka nikaisimamisha kwenye kabati tuitazame. Nikaenda pia mjini kununua kitenge, kwenye duka la Mhindi mmoja mzee ambaye familia yake ni kati ya chache zilizobaki. Nilipomwambia ni cha kuvaa kwenye video, akanikataza kuchukua chenye mistari myembamba, maana kwenye video mistari hucheza. Ndiye mtu pekee katika mkasa huu aliyenipa ushauri nikaufuata.

Sasa kuna jambo tunalolijua wote tuliowahi kutembelewa na wakaguzi: kabla mgeni hajaingia, darasa linapangwa upya. Wasafi na wasemaji wanakaa mbele, wengine wanatafutiwa pa kujibana. Mimi ndiye ninayewakataza wanachuo kufanya hivyo. Nina somo zima juu ya ubaya wake. Siku ile nilifika Kagoma, nikatazama darasa kupitia kishikwambi, nikaanza kuhamisha watoto. Kulikuwa na msichana mdogo katikati kabisa ya picha, sweta yake ya manjano imetoboka kiwikoni. Nikamshika bega, nikampeleka pembeni karibu na mlango. Zaidi ya hapo, siku mbili kabla nilikuwa nimemwagiza yule mwanachuo awafanyishe watoto mazoezi ya majibu, ili tusiaibike. Alitii, maana nani angebishana nami?

Nikagawa kadi. Nikafundisha. Nilijisikia naelea. Mara moja tu niliona kishikwambi kinageuka kuelekea mlangoni, nikakatisha sentensi na kumwambia yule mama aliyekuwa nyuma yake, "Usihangaike huko, nipige mimi." Akakirudisha kwangu.

Jumapili baada ya kanisa nilimkalisha mume wangu tukaitazama. Dakika kumi za mwanzo zilikuwa tamu. Nikaingia, nikasalimia, watoto wakaitikia kwa pamoja, kitenge kikang'aa. Nikairudisha mwanzo. Tukaitazama tena zile dakika kumi. Kwa jumla nilizitazama mara nne, na kila nilipofika mwisho wake sikuona sababu ya kuendelea wakati mwanzo ulikuwa unanisubiri. Mara ya nne nilikuwa peke yangu, mwenzangu alikwisha kwenda kuangalia migomba ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Asubuhi ya kuionyesha chuoni, yule mwanachuo alinifuata mlangoni mwa ukumbi. Alikuwa amerudi kutoka Kagoma kama wenzake wote kwa ajili ya siku ile.

"Samahani madam," alisema, "umeitazama yote?"

"Nimeitazama mara nne," nilimjibu, na huo, kihesabu, haukuwa uongo.

Nikagawa fomu zangu. Nikawaambia watazame kwa macho makali wala wasinionee haya, kwa sababu mtaalamu haogopi kutazamwa. Maneno hayo niliyasema kwa mdomo huu huu. Projekta ikawaka.

Kwenye video niliinua kadi ya kwanza ikiwa bado imewapa watoto mgongo. Kabla sijaigeuza, darasa zima likapaza sauti: "Mkungu wa ndiziii!" Ukumbi ukacheka. Nikacheka nao, kwa sauti kubwa kidogo kuliko walivyohitaji. Nikaendelea kujitazama nikionyesha kadi za waliokaa mbele na kuwauliza watoto hili na lile, na kila swali nikalijibu mwenyewe au nikampa mmoja kati ya wanne waliokaa mbele katikati. "Hii ni nini? Ni ku...? Ni kuku! Safi sana. Tumeelewana?" "Ndiyooo!" Vistari kwenye fomu za wanachuo vikaganda kwa watoto wanne. Kijana mmoja wa safu ya mbele alikuwa anahesabu muda wa kusubiri kwa midomo, kama nilivyowafundisha. Nilimwuliza amepata ngapi.

"Madam, bado hatujafika mbili," alisema. Hakuwa anatania, na hilo ndilo lililoniuma.

Ndipo dada mmoja akaomba tusimamishe picha. Akaonyesha pembeni mwa ukuta, karibu na mlango. Stendi ilikuwa imewekwa mshazari kidogo, kwa hiyo kona niliyodhani nimeifukuza kwenye picha ilikuwamo yote. Yule msichana wa sweta ya manjano alikuwa ameinua mkono. Tukaendelea kutazama, na sasa hakuna aliyenitazama mimi wala kitenge changu. Mkono haukushuka. Uliposhindwa, aliubadilisha, akainua wa pili. Baadaye akawa anaushikilia mkono mmoja kwa mwingine, tundu la sweta likiwa wazi kiwikoni. Mimi nilikuwa napita mbele yake nikienda na kurudi. Ndipo pia tukaona picha inageuka polepole, inamweka yule mtoto katikati, inatulia hapo, na sauti yangu ikasikika: "Usihangaike huko, nipige mimi."

Hapo hakuna aliyecheka. Lakini nilikuwa bado nina ujanja kidogo. Nikasimama, nikakunja mikono, nikasema kwa sauti ya mtu mkubwa anayekubali kosa dogo, "Naam. Mtoto huyu alitaka kujibu, nikampita. Hilo ni kosa, na nimelikubali. Tuendelee."

Somo likaisha. Nikajiona naaga na kutoka. Nilitaka kuzima, ila yule mwanachuo, siku ile kule darasani, alikuwa amesahau kukizima kishikwambi. Mbele ya ubao pakabaki patupu kwenye picha. Kutoka uani ilisikika sauti yangu nikipokea zawadi kwa mwalimu mkuu: "Jamani, mkungu wote huu ni wangu?" Kisha yeye akaingia kwenye picha kwa mgongo, akaenda pembeni, akachuchumaa. Watoto wengine walikuwa wanatoka nje. Yule msichana alikuwa bado amekaa, na mkono bado uko juu.

"Mwana wange, noyenda ki?" alimwuliza. Mwanangu, unataka nini?

Akasubiri. Nilihesabu, sikuweza kujizuia. Nilifika tano na kupita.

Mtoto akajibu kwa Kihaya, kwa sauti ndogo, na ukumbi wote ukasikia. Mmoja ambaye si wa huku akamwuliza jirani yake amesema nini. Jirani akamtafsiria: amesema mwalimu mgeni aliuliza nani hajapata kadi, na yeye hajapata.

Yule mwanachuo kwenye video aliushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akaushusha taratibu, akaanza kuusugua.

Nilidhani tumefika mwisho. Kijana wa safu ya mbele akasema tungerudisha mwanzoni tuhakikishe. Hivyo ndivyo nilivyowafundisha, kuhakikisha. Ikarudishwa mpaka kwenye zile dakika kumi nilizozitazama mara nne. Nikajiona namaliza kugawa kadi na kusema, "Nani hajapata?" Mkono wa manjano ukapanda palepale. Mimi nilikuwa nimekwisha kugeukia ubao. Nikageuka tena kwa darasa, nikasema, "Haya, wote inueni kadi zenu juu!" Zikapanda kadi thelathini na tisa na mkono mmoja mtupu, na mimi, nikitabasamu vizuri sana, nikasema, "Safi! Wote mmeinua."

Hakuna aliyeuliza kadi ya arobaini ilikuwa wapi. Ilionekana. Nilikuwa nimeishika mimi, ya mkungu wa ndizi, kwa kuwa ndiyo iliyonitoka vizuri na nilitaka ionekane kwenye video.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na nimewahi kuteleza kwenye matope nikiwa na keki ya harusi. Lakini aibu haikuwa shida kubwa. Shida ilikuwa ofisini, ndani ya jalada, imesainiwa. Mwanamke yule alikuwa anafukuzwa chuoni kwa kufanya kile ambacho fomu yangu inakitaka, na aliyemwandikia kufukuzwa ni mimi.

Kwetu, alama ikishaingia ofisini haitoki bila maelezo ya maandishi ya mkufunzi mwenyewe. Mwisho wa kuyapeleka ulikuwa siku tatu mbele. Napenda kusema kwamba niliandika saa ileile. Siku ya kwanza niliandika kwamba tathmini iliathiriwa na hali ya hewa, kwa sababu kweli kulikuwa na mvua. Siku ya pili niliandika kwamba miongozo ina utata. Nikamsomea mume wangu rasimu ile ya pili, ukurasa mzima, wenye maneno mengi ya kitaalamu. Akauliza, "Sasa huyo mama alikosea nini?" Nikasema hakukosea. "Basi mbona yeye ndiye anayetajwa kila mstari?" Nilikasirika, nikamwambia aende akaangalie migomba.

Siku ya tatu niliandika sentensi mbili. Kwamba nilimpa mwanachuo huyu alama ya kufeli kwa sababu alimsubiri mtoto na kumsemesha kwa lugha anayoielewa. Kwamba mimi siwezi kufanya hivyo, na ushahidi ninao.

Mkuu wa chuo alizisoma, akavua miwani. "Ushahidi gani?"

Nikaweka kishikwambi mezani. Aliitazama yote, bila kuruka, pamoja na mkungu wa mwalimu mkuu. Mimi nilikuwa naangalia kalenda ukutani. Ilipoisha aliagiza yule mama atathminiwe upya mara zote mbili, na mkufunzi mwingine. Kisha akaniuliza kama video ile tunaweza kuitumia kila mwaka. Nilimwambia tunaweza. Ndiyo maana sasa kila kundi jipya la wanachuo hunijua kwa kitenge changu kabla hawajanijua kwa jina.

Kwenye tathmini mpya nilikwenda Kagoma kama mpiga picha. Niliomba mwenyewe. Mkufunzi mwenzangu alikaa kwenye kiti cha mtoto na fomu, mimi nikasimama nyuma ya stendi na kazi yangu ilikuwa kunyamaza, jambo ambalo kwangu ni kazi. Yule mama alifundisha vilevile kama siku ile niliyomfelisha, kelele zilezile, migomba ileile, kuchuchumaa kulekule. Alifaulu vizuri. Leo ana darasa lake, na nikikwama na jambo la watoto humpigia simu, na hunisubiri nimalize kusema.

Watoto walipokuwa wanakusanya vifaa vyao, nilitoa kwenye mkoba kadi ya mkungu wa ndizi. Nikaenda kwa msichana wa sweta ya manjano. Nilichuchumaa, magoti yakalia, na nikampa. Niliandaa na maneno ya kuomba radhi, kwa Kihaya, nilikuwa nimeyafanyia mazoezi njia nzima.

Hakuyangoja. Aliipokea kwa mikono miwili kama alivyofundishwa kwao, akaitazama, akakaa wima. Halafu akaiinua juu, mkono umenyooka, kwa sababu mwalimu mgeni alisema wote wainue.

Nikamwambia, "Shusha, mwana wange. Nimeiona." Hakushusha. Nikamwambia tena. Alikuwa ananitazama kwa adabu yote, na mkono uko juu. Nilihesabu mpaka tano, nikarudia. Kisha akamtafuta mwalimu wake kwa macho, kule ubaoni, na mwalimu wake alipomwitikia kwa kichwa, ndipo akaishusha.